Pesa ya viazi usiifunge yote benki siku moja

Wadau wa Uyole na Tukuyu, umeuza viazi una milioni 6 mkononi afu benki wanakwambia fungia mwaka mzima, subiri kwanza. Riba ya akaunti ya muda maalum ukishasaini haibadiliki mpaka iive, yani muda wake uishe, ila atakayefungua kesho anakuta nyingine, maana benki zinafuata riba ya benki kuu japo taratibu. Ya benki kuu yetu Tanzania Julai 2025 ilishuka toka asilimia 6 hadi 5.75. India ndo ilishuka haswa, walianza 2025 na 6.5, Juni ikawa 5.5, waliowahi kujifungia muda mrefu wakawa wanacheka tu.

So gawa hiyo milioni 6 mafungu 3 ya milioni 2: miezi 3, 6 na 12, ikiiva moja unaangalia upepo, riba zikielekea kushuka funga ndefu, zikipanda fupi fupi. Piga hesabu baada ya kodi, milioni 2 kwa asilimia 8 mwaka ni 160,000, toa kodi asilimia 10 unabaki na 144,000. Hela ya mbolea usiiweke humo, ukivunja mapema riba inaliwa. Na uliza kama ikiiva inajifunga yenyewe tena, mi yangu ilijifunga kwa riba ya chini nikiwa shamba, nikasota nayo miezi 6.