Kuanza kazi ya kuchunga maseriveri wakati haujatumika popote

Mudogo yangu, naona uko pale Kadutu unapeleka CV kila juma na bote banakuuliza tu "ulitumika wapi?". Usingoje mutu akupe eksperiensi, unaweza kuianza kwenye hiyo mashini yako, hata ya okazio, mradi iko na RAM ya GB 4.

Weka VirtualBox (programu ya kutengeneza mashini ndani ya mashini yako), ndani yake Debian (sistemu ya Linux) bila grafiki, mbili: moja seriveri yenye inatumikia zingine, ingine kliyanti yenye inaomba, kila moja MB 512 inatosha. Omba mutu mwenye koneksio nzuri akushushie ile faili ya DVD ya Debian, ni karibu GB 4, unaivuta mara moja tu, juu ile ndogo ya netinst, yenye inavuta vingine kwa interneti, itakukulia mega kila ukianza upya. Kisha ingia toka moja kwenda ingine kwa SSH (njia ya kuongoza mashini ingine ukiwa mbali), porte 22.

Sasa njo kazi yenyewe: haribu. Jaza diski ya seriveri na log (mafaili yenye programu zinaandikamo yenye inapita) mpaka sistemu ikatae kuandika. Piga amri df -h, utaona diski imejaa 100%, piga du -sh /var/* utaona nani anakula nafasi. Umefuta ile faili kubwa na df bado inasema 100%! Mimi hapo nilikaa mpaka usiku, kumbe programu iko bado inaishika hata kama jina limefutika, unairestati tu na nafasi inarudi. Andika yote kwa daftari, ulichoona, ulichojaribu, kilichosaidia. Hiyo daftari utaibeba siku ya interviu.

Huku kwetu umeme unakata bila kuaga, basi zima ile seriveri ya ndani ya VirtualBox kwa nguvu katikati ya kazi, iwashe, angalia kama serivisi (programu zenye zinatumika nyuma) zinaamuka zenyewe. Haziamuki? Piga systemctl enable na jina ya serivisi, itajiwasha kila mashini ikiwaka. Patroni wa Bukavu atakuuliza hiyo mbele ya diplomu. Mitihani ya LPIC-1 (sertifika ya kazi ya Linux), 101 na 102, itakuja ukiwa na feza.

Halafu tafuta masomo ao dispanseri yenye pointi ama mafishi yote kwa mashini moja. Usiguse kitu mbele ya kufanya kopi. Mimi nilianzia kwa masomo moja, nikaweka rsync yenye inakopia mafaili na cron yenye inaianzisha kwa saa yake, kisha nikarudisha pointi kwenye mashini ingine, prefe akiwa anaangalia. Kopi yenye haujajaribu kuirudisha usiihesabu. Ukimaliza omba atestasio yenye muhuri, tarehe, na kazi yenye ulifanya iandikwe wazi.