Unajenga Kwenye Mteremko? Soma Haya Kabla Hujachimba Msingi

Viwanja vya Goba, Madale na Salasala, Dar es Salaam, vinauzwa kwa sifa ya upepo na mandhari. Dalali hatakwambia maji ya mvua yanapita wapi. Hilo ulizia mwenyewe, tena kwa waliokaa pale miaka mingi.

Kwanza kalenda. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Msingi chimba kati ya Juni na Septemba. Pesa ikiingia Februari, nunua nondo, weka ndani, tulia.

Usifyeke kiwanja kizima. Fyeka panapokaa nyumba na njia ya lori, majani mengine yaache yashike udongo. Ukipakana na mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka uache mita 60 kutoka ukingoni, hata kama wenzako wamejenga. Kisha chimba mtaro wa kukinga upande wa juu wa kiwanja, uiname kidogo tu, uyapeleke maji kwenye mtaro wa mtaa. Siyo kwa jirani.

Sasa kifusi. Hapa ndipo watu wanapoumia.

Mwenzetu mmoja mtaani alichimba msingi mwishoni mwa Februari. Piga hesabu: msingi wa urefu wa mita 60, upana sentimita 60, kina mita moja, unatoa mita za ujazo 36 za udongo, na ukishachimbuliwa unavimba kupita hapo. Ndani ya kiwanja kulijaa tofali na kokoto, mafundi wakaurundika udongo nje, kandokando ya mtaro. Eti utarudishwa wakati wa kujaza jamvi, yaani sakafu ya zege. Mvua ikaja usiku. Kifusi kikaporomokea mtaroni, kikaziba kalavati, maji yakakata barabara na kuingia kwa mama mmoja wa chini ambaye hata sura ya mwenye kiwanja alikuwa haijui. Asubuhi tulikuta alama ya tope ukutani imefika usawa wa soketi, friji limelala kifudifudi, chemba ya choo imejaa mchanga. Kesi ikaenda serikali ya mtaa. Jamaa akalipa friji, magodoro, gari la kunyonya shimo na vijana wa kuzibua kalavati. Pesa ya jamvi ikaishia hapo. Yeye na yule mama mpaka leo wanapishana bila salamu.

Kwa hiyo kabla jembe halijagusa ardhi, muulize fundi: udongo unakwenda wapi? Kama hana jibu, hachimbi. Kifusi kikae ndani ya kiwanja, mbali na mtaro, kifunikwe turubai lililokandamizwa kwa tofali. Upande wa chini panga viroba vya mchanga, uvizamishe kidogo ardhini ili maji yasipite chini yake.

Lakini viroba visikudanganye. Tia gao la udongo wako kwenye chupa ya maji, tikisa, uiache. Mchanga unatua mara moja, udongo wa mfinyanzi unaweza kulala ukielea humo na kesho maji bado mekundu. Huo mfinyanzi ndio unaovipita viroba hadi mtoni, na dawa yake ni kutouacha udongo wazi tangu mwanzo.

Maji ya kuoshea mashine ya zege ni makali, yanachoma ngozi na kuua samaki. Chimba shimo, tandika nailoni, waoshee hapo. Dumu la dizeli lisikae karibu na mtaro. Mafundi wajengewe choo siku ya kwanza, la sivyo utakijua kichaka chako vizuri.

Ukiezeka, funga gata wiki hiyohiyo. Paa la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 50 linamwaga lita 7,500, na bila gata zinaangukia pembeni ya msingi. Ukuta wa kuzuia udongo uwekewe mabomba ya kutolea maji, vinginevyo utatoka tumbo na kuanguka. Mteremko uliobaki wazi upandwe ukoka au nyasi za vetiva, na upandwe mapema, mizizi haikui kwa usiku mmoja.

Na nenda saiti mvua ikiwa inanyesha, siyo ikishakatika. Mlinzi mwachie koleo, tochi, na namba ya mtu anayepokea simu usiku.