Namna ya kusoma picha na majengo ya Wakristo wa mwanzo enzi za Warumi

Watu wengi wakikutana na picha ya kanisa la kale la Roma au Ravenna, miji ya Italia, swali lao la kwanza ni "huyu ni nani?", wakishaambiwa ni Petro au ni Yona basi wanaona wamemaliza. Mi naona hilo swali lije baadae. La kwanza liwe hivi: hiki kitu kabla hakijawa cha Wakristo, nani alikuwa anakitumia na kwa kazi gani? Kwa sababu Wakristo wa karne ya 3 na ya 4 walikuwa Warumi kama majirani zao, waliwapa kazi mafundi walewale, na fundi alichora kile mkono wake ulichozoea, kilichobadilika ni ile kazi ambayo picha inafanya. Ukilishika hilo mengine yote yanakuwa mepesi.

Anza na Mchungaji Mwema maana utamkuta kila mahali. Kijana hana ndevu, kavaa kanzu fupi inayoishia magotini, kondoo kambeba mabegani. Yupo kwenye dari ya katakombe (makaburi ya chini ya ardhi) ya Priscilla kule Roma, na yupo Dura-Europos, mji wa mpakani kando ya mto Frati huko Siria, ambako nyumba ya kuishi watu iligeuzwa kuwa kanisa na chumba kimoja kikatengwa kwa ubatizo, mchungaji kachorwa ukutani juu ya kisima chenyewe. Mji ule ulianguka mikononi mwa Waajemi mwaka 256, kwa hiyo picha ni ya kabla ya hapo, hilo halina ubishi. Sasa yule kijana na kondoo wake Warumi walikuwa naye tangu zamani, wakimchonga kwenye majeneza yao kama ishara ya wema na utulivu wa shambani. Ndo maana ukimkuta yuko peke yake usikimbilie kusema huyu Yesu, tazama kwanza kazungukwa na nini. Akiwa juu ya maji ya ubatizo, au pembeni yake kuna Yona na Danieli, hapo sema bila wasiwasi.

Yona naye mtazame vizuri. Yule samaki wake hafanani na nyangumi hata kidogo, ni dude la baharini lenye mkia wa kujiviringisha, lilelile la hadithi za Kigiriki, na Yona akishatapikwa anaonekana kalala uchi chini ya mtango, mkono mmoja juu ya kichwa, pozi la Endymion, yule kijana mzuri wa hadithi za kale anayelala usingizi usioisha. Fundi alikuwa nalo tayari kwenye karakana. Na usingizi juu ya jeneza la mtu unasema jambo ambalo familia ya marehemu ililihitaji sana.

Hapo ndo tunafika kwenye jambo la pili, picha ilikuwa imewekwa wapi. Katakombe ni makaburi, mashimo marefu yaliyochimbwa kwenye mwamba laini nje ya kuta za mji, watu walienda kuzika na kukumbuka wafu wao. Sasa pitia orodha ya wanaochorwa humo: Nuhu kwenye safina, Danieli katikati ya simba, vijana watatu kwenye tanuru, Lazaro anatoka kaburini. Wote ni watu ambao Mungu aliwatoa mahali ambapo hakuna mtu angetoka. Ni kama sala ya maiti iliyochorwa ukutani. Msalaba wenye Yesu juu yake utautafuta humo mpaka uchoke, picha ya kusulubiwa inaanza kuzoeleka kuanzia karne ya 5, na moja ya zile za mwanzo kabisa imechongwa kwenye mlango wa mbao wa kanisa la Santa Sabina, Roma, na hata pale ile misalaba yenyewe karibu huioni, unaona watu watatu wamenyoosha mikono.

Kama una muda wa kitu kimoja tu basi kaa na jeneza la marumaru la Junius Bassus. Huyu alikuwa mkuu wa mji wa Roma, akafariki mwaka 359 akiwa na miaka 42, na maandishi ya juu yanasema alikuwa amebatizwa karibuni. Mbele kuna matukio kumi kwenye safu mbili, kila moja katikati ya nguzo zake. Usisome kutoka kushoto kwenda kulia kama kitabu, anza katikati. Juu katikati Kristo kakaa kwenye kiti, kijana, hana ndevu, na chini ya miguu yake kuna mzee ametanda kitambaa juu ya kichwa, huyo ni mungu wa anga wa Kirumi, kawekwa awe kiegemeo cha miguu. Chini yake hapohapo katikati Yesu anaingia Yerusalemu juu ya punda, na mpangilio wake ni uleule wa kaisari anaingia mjini. Kisha nenda juu kulia, Yesu kakamatwa, analetwa, na Pilato kakaa kageuza uso pembeni huku maji ya kunawa yanaandaliwa. Hadithi ya mateso inakatika pale, hakuna msalaba. Mimi kile kichwa cha Pilato kilichogeuka ndo napenda kuliko vyote kwenye lile jiwe, fundi kaonyesha mtu anajua anachofanya ni dhuluma.

Majengo sasa. Mwaka 313 makaisari Konstantino na Licinius wakaruhusu Ukristo waziwazi, na ghafla kukawa na hitaji la majumba makubwa ya kuingiza umati. Hekalu la kipagani halikufaa, lile lilikuwa nyumba ya sanamu na ibada yenyewe ilifanyika nje kwenye madhabahu. Wakachukua basilika, ukumbi wa serikali wa kesi na biashara. Ila basilika nyingi za Kirumi mlango ulikuwa ubavuni kwenye upande mrefu, Wakristo wakauweka upande mfupi, na hilo badiliko dogo ndo linafanya kila kitu: ukiingia unaona safu za nguzo zinakuvuta moja kwa moja mpaka kwenye apsi, ule ukuta wa nusu duara nyuma ya altare. Kwa hiyo ukiwa na ramani ya jengo weka kidole mlangoni na utembee nacho: uwanja wenye nguzo pembeni, ukumbi wa kuingilia, sehemu ya kati pana, njia za pembeni, altare, apsi. Jiulize nani aliruhusiwa kufika wapi, maana ambao hawajabatizwa walitoka kabla ya ekaristi.

Kanisa la Petro la zamani huko Roma lilikuwa hivyo lakini lilianza kubomolewa karne ya 16 kupisha lililopo leo, kwa hiyo kwa mazoezi tumia Santa Sabina, la miaka ya 422 mpaka 432. Nguzo zake 24 zimetoka kwenye jengo la zamani zaidi, madirisha yako juu, nje ni matofali matupu hayana hata urembo. Ukitaka kuona watu wa wakati ule wenyewe walivyolichukulia kanisa lao tafuta mozaiki (picha ya vijiwe vidogo vya rangi) ya kaburi kutoka Tabarka, iko kwenye jumba la makumbusho la Bardo mjini Tunis, fundi wa Afrika ya Kirumi kalichora kanisa kama limepasuliwa, unaona ngazi, nguzo, mishumaa juu ya altare na vigae vya paa kwa mpigo mmoja.

Jengo likiwa la duara au la pembe nane, fikiria kwanza kaburi au ubatizo. Santa Costanza kule Roma ni kaburi, na dari yake imejaa uvunaji wa zabibu ambao ungeweza kukaa kwa mpagani yeyote bila kubadilisha kitu.

Halafu angalia nguo, hasa ukifika Ravenna, ambako makao ya makaisari wa Magharibi yalihamia mwaka 402. Kwenye jengo linaloitwa la Galla Placidia, mwanamke wa ukoo wa makaisari, la karne ya 5, yule mchungaji wetu yupo tena ila kavaa dhahabu na zambarau, fimbo yake imekuwa msalaba, kondoo sita wamemgeukia. Ni mtu yuleyule wa Dura-Europos, sasa kavalishwa cheo. Na San Vitale, kanisa lililowekwa wakfu mwaka 547, kaisari Justiniano na mkewe Theodora wanaletwa kwa picha mpaka karibu na altare na hawakuwahi kukanyaga Ravenna. Justiniano kabeba sahani ya mkate, mkewe kikombe. Kuza picha kwenye pindo la joho la Theodora utawaona Mamajusi watatu wanapeleka zawadi, yaani hata nguo inakueleza mwanamke huyu kaja kufanya nini. Na mng'ao ulio nyuma ya vichwa vyao usikudanganye ukawaita watakatifu, makaisari walikuwa wanachorwa nao toka zamani.

Mozaiki usiihukumu kwa picha moja ya mchana mkali. Vile vijiwe vya dhahabu ni karatasi nyembamba ya dhahabu kati ya vioo viwili, mafundi mara nyingi walivipandikiza vikiwa vimeinama kidogo ili mwanga wa taa urukeruke, kwa hiyo tafuta picha au video zilizopigwa kwa mwanga tofauti tofauti.

Mwisho kagua matengenezo kabla hujatoa hoja yoyote. Ravenna kuna nyumba mbili za ubatizo zenye Yesu akibatizwa kwenye dari, ya Waariani, Wakristo waliofundisha kwamba Mwana si sawa na Baba, Yesu hana ndevu, ile nyingine ya askofu Neon anazo, na watu wamejenga nadharia za imani juu ya hizo ndevu wakati kile kichwa cha kwa Neon kimetengenezwa upya karne ya 19. Pale Sant'Apollinare Nuovo, kanisa lingine la Ravenna, ni kinyume chake, sehemu iliyoharibiwa ndo ushahidi: watu waliochorwa kwenye jumba la Theodoriki, mfalme wa Wagothi aliyetawala Ravenna kabla, walifutwa baada ya Justiniano kuuteka mji wakawekewa mapazia, ila vidole vya baadhi yao bado viko juu ya nguzo. Kwa hiyo kwenye kila picha unayoisoma andika pembeni kipi ni cha asili na kipi kimeongezwa, ndo uanze kueleza maana.