Kabla Hujaandika Insha ya Uamilifu na Uhalifu

Swali la uhalifu kwa mtazamo wa uamilifu, yaani nadharia inayouliza kila jambo linaifanyia jamii kazi gani, huponza wanafunzi wengi kwa sababu linaonekana jepesi. Mtu ana majina mawili ya wanasosholojia kichwani, Durkheim na Merton, ana pia neno anomia (kwa ufupi, kuyumba kwa kanuni za jamii), basi anajiona ameiva. Kabla hujashika kalamu, jipime kama unaweza kutenganisha maswali mawili: uhalifu unasababishwa na nini, na ukishakuwepo unaifanyia jamii kazi gani. Émile Durkheim mwenyewe alisisitiza mwaka 1895 kwamba chanzo cha jambo na kazi yake vitafutwe kila kimoja peke yake. Hoja yake maarufu kuhusu uhalifu inahusu zaidi kazi. Ya Robert Merton inahusu chanzo. Ukizichanganya, insha itayumba tangu aya ya kwanza.

Kwa Durkheim, usiende mbio. Alisema uhalifu ni jambo la kawaida kwa kuwa hakuna jamii isiyo nao, na hapo ndipo wengi huandika kwamba aliusifu. Hakuusifu. Uhalifu ukipita kiasi aliuona kuwa dalili ya ugonjwa, na hata ukishuka mno alishuku kuna kitu hakiko sawa. Uwe tayari kueleza mfano wake wa jamii ya watakatifu. Tuseme ni nyumba ya watawa wasioiba wala kuua. Makosa hayataisha humo: kuchelewa sala au kujibu kwa ukali, mambo ambayo sisi tunayapuuza, yatalaaniwa kwa uzito ambao kwingine hupewa jinai. Sababu ni kwamba watu hawawezi kufanana dhamiri kwa asilimia mia, na kadiri dhamiri ya pamoja, yaani imani na maadili ambayo jamii inashiriki, inavyokuwa kali ndivyo inavyoona dosari ndogo zaidi.

Adhabu nayo, kwake, haikuwa hasa kwa ajili ya kumrekebisha mkosaji. Inawalenga wale ambao hawakukosa: wanakasirika pamoja, na katika kukasirika wanakumbushana mpaka uko wapi. Hapa usiishie kwenye maelezo matupu. Mwanasosholojia Kai Erikson, mwaka 1966, aliipima hoja hii kwa Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali, wa Massachusetts huko Marekani katika karne ya 17. Waquaker, kundi jingine la Kikristo, walipofika kule, mojawapo ya mambo yaliyowakera wakubwa ni kwamba hawakuvua kofia mbele ya mahakimu. Zikatungwa sheria za kuwakata masikio, kisha za kuwafukuza kwa tishio la kifo, na kati ya 1659 na 1661 wanne walinyongwa mjini Boston. Kofia haikumuumiza mtu. Ila jumuiya iliyokuwa na wasiwasi kuhusu imani yake ilipata mahali pa kuuchora mpaka wake upya. Mfano mmoja wa namna hii, ukielezwa vizuri, unazidi orodha ya majina saba.

Kazi ya pili ya uhalifu, baada ya hiyo ya kuchora mipaka, ni mabadiliko. Durkheim alimtaja Socrates, aliyehukumiwa Athens mwaka 399 KK: kwa sheria ya mji wake alikuwa mhalifu, lakini uhuru wa fikra aliohukumiwa kwa ajili yake ulikuja kuhitajika. Wengine huongeza hoja ya Kingsley Davis ya 1937, kwamba ukahaba hupunguza shinikizo kwenye ndoa. Itaje ukitaka, ila mimi naiona dhaifu: inaliangalia jambo kwa jicho la mteja na kumsahau mwanamke.

Kabla ya kumfikia Merton, angalia unavyolitumia neno anomia, maana hawa wawili hawalitumii sawa. Kwa Durkheim ni kulegea kwa kanuni zinazowekea tamaa mipaka, hali inayoweza kuja hata neema inapoingia ghafla. Kwa Merton, aliyeandika kuhusu Marekani mwaka 1938, ni pengo: kila mtu anahimizwa atajirike, ila njia halali hazigawanywi sawa. Kutokana na pengo hilo kuna anayeendelea kutii, anayebuni njia haramu, anayeshika taratibu huku lengo amelikatia tamaa, anayejitoa kabisa, na mwasi anayetaka malengo na njia vyote vibadilishwe. Usiwahesabu wote watano kuwa wahalifu. Wa kwanza hata si mkengeufu, yaani mtu anayekiuka kanuni za jamii.

Merton anaeleza wizi vizuri, ila kijana anayevunja vioo bila kupata hata senti anamshinda. Ndipo Albert Cohen, mwaka 1955, aliposema kwamba vijana wa tabaka la wafanyakazi wanaodharauliwa shuleni hujitafutia heshima kwa kuyageuza maadili ya shule juu chini. Cloward na Ohlin, mwaka 1960, wakaongeza kwamba hata njia za haramu hazipatikani kwa wote: wizi wa kitaalamu unahitaji wa kukufundisha. Hawa aya moja inawatosha.

Ukosoaji uutayarishe mapema, usiusubirie dakika za mwisho. Swali la kwanza ni: kazi kwa nani? Aliyeibiwa au kubakwa hakuimarishiwa mshikamano wowote. Pili, Durkheim hasemi uhalifu kiasi gani unatosha, kwa hiyo hoja yake ni vigumu kuikanusha. Tatu, Merton alizitegemea takwimu rasmi, ambazo huwaona zaidi maskini, ilhali Edwin Sutherland alikwisha kuzungumzia uhalifu wa wenye vyeo mwaka 1939. Wanawake nao hawaonekani: Cohen aliandika kuhusu wavulana.

Mwisho, soma kitenzi cha swali. Likisema "eleza", ukosoaji uwe aya moja fupi. Likisema "tathmini", uanze kujitokeza tangu kwa Durkheim, kila hoja na pingamizi lake papo hapo.