Bahasha ya njano: kwa ndugu zangu wa Kigoma mnaokwenda Ujerumani

Naandika haya nikiwa Ujiji, barazani kwa shangazi, na mbele yangu binamu yangu anafunga begi. Wiki ijayo anamfuata mumewe Ujerumani. Ameshauliza habari za baridi, wali unapatikana wapi, nywele atasukwa na nani. Habari za barua hajauliza hata mara moja. Na mimi sikuuliza, na barua ndiyo iliyonitoa jasho.

Mambo ya kawaida mnayajua, nayapita haraka. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha ndoa, mtihani wa Kijerumani ngazi ya kwanza, A1, kabla ya viza, ambao unaweza kuufanyia Goethe-Institut pale Dar. Ukifika, jiandikishe makazi manispaa ndani ya wiki mbili. Kisha bima, kisha ofisi ya wageni ya mji wako, na hao wanaweza kukulazimisha kwa maandishi kusoma kozi ya uhamiaji, ile Integrationskurs. Vipindi 600 vya lugha na 100 vya sheria, historia na maisha ya kule. Kozi hizi zipo tangu 2005. Mtihani wa mwisho una maswali 33, ukipata 15 umepita, ila anayetaka uraia baadaye apate 17.

Mimi kozi niliiacha katikati. Nilikuwa nasafisha maofisi usiku, asubuhi nasinzia darasani, mwalimu anaeleza vitenzi mimi naota niko Kibirizi. Nikajisemea: Kijerumani nitakijulia kazini. Kumbe ofisi ilikuwa inahesabu. Ikaja barua ya kwanza, bahasha nyeupe ya kawaida, yenye neno Anhörung. Mume wangu akasema hilo ni tangazo tu. Halikuwa tangazo. Maana yake ni: "Tunakusudia kuamua jambo baya juu yako, una la kusema?" Ni haki yako kusikilizwa kabla hawajaamua, na nafasi hiyo wanakupa mara moja tu. Nami niliiweka juu ya friji.

Wiki mbili baadaye mama akafariki. Tukapanda ndege, mimi na mume wangu, ufunguo tukamwachia shemeji.

Hapa nawasema kidogo wa nyumbani, kwa upendo. Siku ya ishirini nilitaka kurudi. Mama mdogo akasema, "Utaliachaje kaburi bichi? Si uko Ulaya, barua zitasubiri." Nikabaki hadi arobaini na siku tano juu yake. Simlaumu. Kwetu barua inasubiri kweli. Inakuja kwa S.L.P. ya shule au ya msikiti, mtu anakwambia sokoni, "una barua kwa mwalimu", unaichukua ukipenda. Lakini kule barua haikusubiri wewe. Kule saa inaanza kugonga barua ikitumbukia kwenye kisanduku chenye jina lako. Uwe umelala, uwe Ujiji unapika pilau ya khitma.

Barua nzito za serikali huja kwenye bahasha ya njano. Mtu wa posta haombi saini yako. Asipokukuta anaitumbukiza, na kabla ya hapo anaandika kwa kalamu tarehe ya siku ile JUU YA BAHASHA, kisha anajaza karatasi nyingine inayorudi ofisini. Tarehe ile ndiyo mwanzo wa hesabu. Siyo tarehe iliyochapwa ndani, wala siku uliyofungua.

Nimerudi, nikamkuta shemeji ametunza kila kitu. Barua amezifungua, amezipanga kwa ukubwa kwenye droo, safi kabisa. Bahasha ametupa zote.

Barua ilikuwa ya kukataa kuniongezea kibali cha ukaazi, sababu kubwa ikiwa kozi. Mwisho wa ukurasa wa tatu kulikuwa na neno refu kama mabehewa ya treni ya Kigoma: Rechtsbehelfsbelehrung. Likariri umbo lake hata kama hulitamki. Chini yake ndipo wanapokueleza unapinga vipi, wapi, na kwa muda gani. Kwa kawaida ni mwezi mmoja. Ukiona Widerspruch, unaandika pingamizi kwa ofisi yenyewe. Ukiona Klage, unakwenda moja kwa moja mahakamani, maana majimbo hayafanani. Na kama maelezo hayo hayapo kabisa, muda wako unakuwa mwaka mzima, kwa hiyo soma hadi mwisho. Bahasha ilifika tarehe 4 Machi, mimi nikatua tarehe 18 Aprili. Mwezi ulikwisha nikiwa kwenye dua.

Narudia, na binamu yangu nimemwandikisha haya kwa mkono wake: bahasha ya njano haitupwi. Ipige picha. Ibane na barua yake.

Kilichoniokoa sikukijua mwenyewe. Dada mmoja wa Kikongo tuliyesali naye alinipeleka kwa washauri wa wahamiaji, wale wa Caritas, Diakonie, AWO au Msalaba Mwekundu. Ni bure. Nilifika siku ya kumi na moja tangu nirudi. Mshauri akasoma, akaniangalia, akasema nina siku tatu. Ipo njia ya kuomba urudishiwe muda uliopita bila kosa lako, lakini ombi lazima liingie ndani ya wiki mbili tangu kizuizi kiondoke, na pingamizi lenyewe liingie humo humo. Nikapeleka kibali cha mazishi, tiketi, mihuri ya pasipoti. Wakili nilimpata kwa hati ya msaada ya mahakama ya mtaa, Beratungshilfe. Kwa mwenye kipato kidogo unamlipa wakili yuro 15. Yeye ndiye aliyeomba kuliona faili langu, na humo ndimo tulimokuta ile karatasi ya posta yenye tarehe. Kuliona faili lako ni haki yako, siyo fadhila. Akaniambia pia jambo la kutisha: pingamizi peke yake halizuii uamuzi wa kukunyima kibali kutekelezwa, lazima mahakama iombwe kwa dharura. Hili ni la wakili, usilijaribu na mjuzi wa kwenye grupu la WhatsApp.

Na ndugu mnaopiga simu kusema "mwone mkubwa pale ofisini, mpe chochote", acheni. Mtanifungisha.

Nilishinda, kama kushinda ni miezi minane ya tumbo kuuma. Masharti yakawa nirudi darasani, nikarudi. Kichekesho ni kwamba darasani ndiko nilikosoma Sheria yao ya Msingi ya 1949, ibara ya kwanza: utu wa mwanadamu hauguswi. Na ibara ya 19, kwamba yeyote ambaye mamlaka imevunja haki yake, mlango wa mahakama uko wazi kwake. Wameandika yeyote, hawakuandika Mjerumani. Ningelikaa darasani mwanzoni ningeyajua haya bure.

Mjerumani, kwa nilivyomwona, hakuchukii. Anasoma faili. Faili likiwa kimya, anaamini na wewe huna la kusema. Jirani yangu wa ghorofani tumesalimiana miaka minne sijaujua mlango wake kwa ndani, lakini siku nilipoweka takataka kwenye pipa lisilo la aina hiyo aliniandikia barua. Tena barua! Wakati mwingine nawaza ile Liemba yetu, meli ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Papenburg huko huko Ujerumani 1913, ikasafirishwa kwa vipande hadi Kigoma, na hadi leo hakuna aliyeiuliza imefika ngazi gani ya Kiswahili. Ujiji Mmanyema, Muha, Mrundi na Mwarabu walijifunza kuishi pamoja sokoni. Lakini tusijisifu sana. Sisi wa Kigoma ndio tunaoulizwa babu alizaliwa wapi tukitaka kitambulisho, na ndio hao hao tunaomuuliza Mrundi wa kambini anarudi lini kwao. Kule angalau sababu ya kukataliwa iko kwenye karatasi, na karatasi inapingika.

Kwa hiyo binamu, na wengine: jina lako kwenye kisanduku siku ya kwanza, hata kwa kalamu na selotepu. Ukihama, waarifu. Ukiwa na jambo mezani kwao na unasafiri, mwachie mtu anayesoma Kijerumani, akupigie picha mbele na nyuma siku hiyo hiyo. Usikae nje zaidi ya miezi sita bila ruhusa uliyoiomba kabla, kibali kinakufa chenyewe. Na uraia, fikiri mara mbili: wao tangu 27 Juni 2024 hawakulazimishi kuacha wa kwanza, sisi Tanzania hatuna uraia pacha.

Ukirudi toka msibani, kabla hujafungua begi la dagaa, fungua kisanduku. Shemeji yangu mpaka leo anashangaa ninavyomwuliza kuhusu bahasha. Anasema yeye alitupa makaratasi tu.