Usishushe Mashua ya Tanga Majini Kabla ya Kuisajili: Mwongozo kwa Walioko Massachusetts na New Hampshire

Wengi wetu tulioko Lowell, Worcester na Nashua tumekulia kando ya maji, wengine Lamu na Pemba, wengine Kisumu, Mwanza na Bukoba, na si ajabu kwamba baada ya miaka ya kazi za zamu mtu anaanza kutafuta mashua ndogo ya tanga ya kumpumzisha siku za Jumamosi. Mashua zilizotumika zinapatikana kwa urahisi, mara nyingi pamoja na trela yake, na bei haitishi. Ninachotaka kukieleza hapa ni jambo moja ambalo muuzaji hatakwambia, kwa sababu pengine yeye mwenyewe halijui: mashua hiyo inafuata sheria ya maji unayoishushia. Haifuati sheria ya mji unaokaa, wala ya mahali ulipoinunua.

Massachusetts inataka usajili wa vyombo vyenye mota. Mashua inayokwenda kwa tanga peke yake, bila mota ya aina yoyote, haidaiwi namba ya usajili huko. Ukivuka mpaka na kuingia New Hampshire, safari ambayo kwa mtu wa Lowell ni fupi kuliko foleni ya Mombasa kwenda Mtwapa saa ya jioni, mambo yanabadilika kabisa: mashua ya tanga yenye urefu wa futi 12 au zaidi lazima isajiliwe, iwe na mota au isiwe nayo. Kwa hiyo chombo kile kile, tanga lile lile, nahodha yule yule, asubuhi ni halali na mchana ni kosa, na katikati hakuna kituo cha forodha wala askari wa mpakani, ila kibao cha barabarani kinachokukaribisha.

Mtego huo ndio ulioninasa. Nilinunua mashua ya futi 14 upande wa Massachusetts kutoka kwa mzee mmoja mkarimu, ambaye aliniambia kwa nia njema kabisa kwamba haina injini na kwa hiyo haihitaji karatasi. Alikuwa amesema kweli kwa maji aliyoyazoea yeye. Niliisafirisha kwenye ziwa la karibu upande ule ule na hakuna aliyeniuliza neno. Baadaye jamaa wakashauri twende kwenye ziwa kubwa zaidi huko New Hampshire, lenye upepo mzuri na maji safi. Tuliishusha kwenye njia ya umma ya kushushia boti, mbele ya watu wengi, hakuna aliyetuzuia, na tulipokuwa katikati ya ziwa boti ya doria ilikuja taratibu, ikazunguka upande mmoja wa omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, kisha upande wa pili. Askari alikuwa akitafuta namba. Aliniomba cheti, nikamweleza habari ya Massachusetts, akanisikiliza hadi mwisho, akakubali kwamba huko ni hivyo, kisha akaniandikia tiketi ya faini na kuniamuru nirudi nchi kavu. Hakupandisha sauti hata mara moja.

Nasisitiza: kule kutozuiwa wakati wa kushusha mashua si ruhusa. Kwetu, anayetaka kuingiza chombo majini hukutana na mtu kwanza. Atakutana na mwenyekiti wa BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuko, au mlinzi wa bandari ndogo, au wazee wa pwani waliokaa chini ya mwembe wanaojua kila dau na mwenyewe, nao watamwuliza ametoka wapi na chombo hiki ni cha nani. Hapa njia ya kushushia iko wazi, maegesho yako wazi, na wenyeji watakusaidia kusukuma trela huku wakikusifia mlingoti. Serikali ya nchi hii inamchukulia kila mtu kuwa amekwisha soma sheria, na inamwacha apite hadi siku itakapomkuta. Mimi naona utaratibu huu unamwonea mgeni, kwa kuwa mwenyeji alifundishwa na babake akiwa na miaka minane, ilhali mgeni hana wa kumfundisha. Lakini maoni yangu hayafuti faini, na ya kwako hayataifuta.

Jambo lingine linalopotosha watu ni sifa ya New Hampshire yenyewe. Vibao vya magari yao vimeandikwa kaulimbiu ya kuishi huru au kufa. Jimbo halitozi kodi ya mauzo, halimlazimishi mtu mzima kufunga mkanda garini, wala halimlazimishi kila mwenye gari kuwa na bima. Mtu akiyasikia hayo hudhani kwamba mahali pasipolazimisha mkanda hapawezi kudai cheti cha mashua ya futi 12. Wanadai. Maziwa ndiyo mali kubwa ya jimbo lile, Winnipesaukee likiwa kubwa kuliko yote, na wakazi wake wanayalinda kwa bidii ambayo, kwa kweli, ningependa kuiona Ziwa Victoria. Ukizielewa thamani zao, hutashangaa kwa nini kikosi cha doria ya majini ni sehemu ya polisi wa jimbo.

Tofauti hii inatokana na muundo wa sheria yenyewe. Sheria ya shirikisho inavitaka vyombo vyenye mota viwe na namba, na inayaachia majimbo nafasi ya kuongeza vingine. Kila jimbo limeongeza kwa namna yake. Connecticut inaanza kudai usajili wa mashua ya tanga isiyo na mota inapofika futi 19 na nusu. Texas, wanakokaa ndugu zetu wengi wa Dallas, inaanza futi 14. Florida inaisamehe isiyo na mota ikiwa chini ya futi 16. Minnesota inadai leseni kwa karibu kila kitu kinachozidi futi 10, na Ohio inadai hata mitumbwi ya kupiga kasia. Kwa hiyo binamu yako wa Minneapolis akikwambia habari za kwake, mshukuru, lakini usizitumie kwako. Na anapokuja kukutembelea na mashua yake, asikwambie kwamba Marekani ni moja.

Pima urefu wa mwili wa mashua kabla ya kuinunua, usikubali kuambiwa. Mashua ndogo ya Sunfish, ambayo utaiona kila ufuko wa New England na ambayo watu huiita ya kuchezea watoto, ina karibu futi 14, kwa hiyo New Hampshire inaidai. Ile ya watoto hasa, Optimist, haifiki futi 8, nayo haidaiwi. Macho hayawezi kukuamulia tofauti hiyo, utepe utakuamulia.

Mtego wa pili uko Massachusetts kwenyewe, nao umewanasa watu ninaowajua. Mashua isiyodaiwa namba kwa sababu ni ya tanga tupu inadaiwa mara tu unapofunga mota, hata ile ndogo ya umeme inayotumia betri, hata kama umeifunga kwa ajili ya kurudi nchi kavu upepo ukilala. Ndugu mmoja alidhani mota ya umeme si mota kwa kuwa haili petroli. Ni mota. Ukitaka kuifunga, sajili kwanza, na fahamu kwamba chombo chenye mota cha futi 14 na zaidi kinadaiwa pia hati ya umiliki.

Mtego wa tatu ni wa karatasi, na ulinichelewesha kuliko faini. Nilipokwenda kusajili, hati ya mauziano niliyopewa ilikuwa na jina langu, jina la muuzaji, bei na tarehe, lakini haikuwa na namba ya mwili wa mashua, ambayo kazi yake ni ile ile ya namba ya chasi ya gari. Ofisi ya kwanza ilinirudisha, na ikabidi nimtafute mzee yule tena aandike upya na kutia saini. Namba hiyo ina tarakimu na herufi 12, na imebandikwa au kuchongwa upande wa kulia wa tezi, yaani sehemu ya nyuma ya mashua, karibu na juu. Isome kwa macho yako mbele ya muuzaji, ipige picha, uilinganishe na iliyoandikwa kwenye hati herufi kwa herufi, kwa maana O na sifuri zimewasumbua wengi. Mashua zilizotengenezwa kabla ya Novemba 1972 huenda hazina namba hiyo kabisa. Ukikuta ya namna hiyo, jua kwamba utahitaji kuliomba jimbo likupangie namba, na uamue kama bei inafaa usumbufu huo. Usilipe pesa yote kabla hati haijakamilika. Narudia: usilipe yote.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. New Hampshire unasajili kwenye ofisi ya magari ya jimbo, au kwa baadhi ya miji, au kwa wakala wa boti aliyeidhinishwa, na asiyekaa jimboni naye anaweza kusajili. Massachusetts unasajili kwenye ofisi ya boti iliyo chini ya polisi wa mazingira. Unapeleka hati, kitambulisho na ada, unapewa cheti na stika. Namba inabandikwa pande zote mbili za omo, kwa herufi wazi zisizopungua inchi 3, za rangi inayotofautiana na ya mashua, zisomeke kutoka kushoto kwenda kulia, pakiwa na nafasi kati ya herufi na tarakimu. Cheti lazima kiwemo ndani ya chombo kila mnaposafiri, kwa hiyo kifunge kwenye mfuko usioingia maji. Kukiacha nyumbani ili kisilowe ni sawa na kutokuwa nacho.

Ikiwa mashua yako tayari imesajiliwa Massachusetts kwa sababu ya mota, usidhani umemalizana na New Hampshire. Tangu mwaka 2020 vyombo vilivyosajiliwa nje ya jimbo vinadaiwa stika ya pekee ya kupambana na mimea na viumbe vamizi katika maji baridi, na ilipoanza ada yake ilikuwa dola 20. Sisi tuliokwisha kuona magugu maji yakiifunga Ghuba ya Winam hatuna haja ya kuelezwa sababu. Mashua na trela zioshwe na kukaushwa, na kizibo cha kutolea maji kitolewe kabla ya kuingia barabarani.

Sasa nizungumze na wale wa nyumbani na waliofika majuzi, kwa heshima na upendo. Mjomba anapiga simu kutoka Amu na kuuliza tangu lini tanga likahitaji cheti, na kwamba babu alikwenda Kismayu bila karatasi. Mjomba, tunakuheshimu, lakini hata huko sasa kuna Mamlaka ya Bahari ya Kenya, Zanzibar kuna Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA) na Tanzania Bara kuna Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC), nawe unajua vizuri walivyomsumbua jirani kwa leseni ya mashua yake. Shemeji naye, tafadhali usimshawishi mwenyeji wako kwamba tukae karibu na ufuko tu na hakuna atakayetuona. Doria hukaa karibu na ufuko, kwa sababu ndiko watu waliko. Wala usijaribu kumbembeleza askari au kumpa chochote. Jambo hilo litageuza faini ndogo kuwa kesi ya jinai.

Na hapa ndipo penye uzito kuliko yote kwa wengi wetu. Kwa mwenyeji, tiketi ya mashua ni pesa tu. Kwa anayesubiri uraia, fomu ya kuombea uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa, kuandikiwa tiketi au kuzuiliwa na askari yeyote kwa sababu yoyote. Tiketi ya kutosajili mashua peke yake kwa kawaida haitakunyima uraia, lakini kuificha kunaweza kukuletea maswali mazito kuhusu ukweli wako kuliko lilivyokuwa kosa lenyewe. Kwa hiyo ukiandikiwa, soma tarehe ya mwisho ya kujibu, lipa au pinga kabla ya tarehe hiyo, na usiiweke kwenye droo ukingoja mshahara. Hifadhi nakala ya tiketi na risiti ya malipo pamoja na karatasi zako za uhamiaji, na umwonyeshe wakili wako kabla ya kujaza fomu yoyote. Mimi nilihifadhi za kwangu, na nashukuru kwamba mtu alinihimiza kufanya hivyo siku ile ile.

Kama mashua ilikuwa ya rafiki uliyeiazima, tiketi huandikwa kwa aliyeshika usukani. Basi kabla ya kuikubali mashua ya mtu, tazama namba kwenye omo na tarehe kwenye stika, kisha omba uonyeshwe cheti. Haya si matusi kwa rafiki. Usajili wa New Hampshire unakwisha tarehe 31 Desemba kila mwaka, bila kujali ulisajili mwezi gani, na mashua nyingi zinazoshushwa Mei zina stika ya mwaka uliopita kwa sababu mwenyewe alikuwa ameisahau majira yote ya baridi.