Kutafsiri "go" kwa Kicheki bila kujichanganya

Kabla hujafungua kamusi jiulize kwanza huyo mtu anaenda na nini, miguu au gari, maana Wacheki hawana "kwenda" moja kama sisi. Kwa miguu ni jít, kwa usafiri ni jet, so ukiwa Praha ukisema "jdu do Brna" (naenda mji wa Brno kwa miguu) watu watakushangaa tu, hizo ni kama kilomita 200 bana, sema "jedu do Brna".

Swali la pili, ni safari ya mara moja au mazoea? Ukiwa njiani sasa hivi unatembea kwenda shule ni "jdu do školy", ila ukimaanisha we ni mwanafunzi, unasoma, ni "chodím do školy". Kazini kila siku kwa tramu: "jezdím do práce tramvají".

Wakati ujao ndo balaa, usiseme "budu jít" kabisa, ni půjdu (kwa miguu) na pojedu (kwa usafiri). Halafu ile "going to" ya kupanga jambo haina safari yoyote, "I'm going to cook" ni "budu vařit" basi. Na intaneti ikigoma? "Nejde mi internet", kwa jít hiyohiyo.